Resho ya umeme juu ya mawe ya volkano: nani anapima tere ya nyumba zetu?

Kwa miaka mingi sasa tunaambiwa tuache makala. Mbuga ya Virunga inakatwa miti, moshi unaharibu mapafu ya mama na watoto jikoni, na gunia la makala limepanda bei mpaka familia yenye mshahara nayo inahesabu vipande. Maneno hayo ni ya kweli na sina la kuyapinga. Kituo cha umeme cha Matebe, kule Rutshuru, kilizinduliwa mwaka 2015, na leo katika mji wa Goma kuna kartie ambako mama anapika maharagi kwa resho ya umeme, wakati zamani hakuwa hata na taa ya kusomea watoto. Bukavu walizoea jambo hilo mbele yetu, tangu Ruzizi ya kwanza ya mwisho wa miaka ya 1950, hata kama kuraa yao inakuja na kwenda jinsi inavyotaka.

Shida yangu ni moja. Katika matangazo yote ya kutuhimiza tupike kwa umeme, kwenye redio na kwenye mabango, tunasikia juu ya bei, juu ya misitu, juu ya usafi wa sufuria. Juu ya ule waya wa rangi ya kijani na njano, hakuna neno. Na ndio waya unaoamua kama mama atakayegusa resho akiwa peku juu ya sima yenye maji atashtuka kidogo, au atazikwa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wanafikiri resho ni kama taa kubwa tu. Balbu ya siku hizi inakula wati 10. Resho ya plake mbili, ile inayouzwa Birere na Kadutu, inaandikwa mara nyingi wati 2,000 au 2,500. Kwa umeme wetu wa volti 220, wati 2,500 ni zaidi ya ampere 11. Ile meza ya kupikia ya plake nne inayojengwa juu ya kabati, ambayo wenye nyumba mpya za Himbi wanaipenda, inaweza kufika wati 6,000 au 7,000 zikiwaka zote, maana yake ampere 27 hadi 32. Sasa angalia waya uliofika jikoni kwako. Katika nyumba nyingi ni waya wa milimita za mraba 1.5, uliowekwa kwa ajili ya taa, na fundi aliongeza prizi moja, kisha nyingine, kisha mtu akaleta ralonji kwa ajili ya friji.

Umeme ukiongezeka mara mbili ndani ya waya uleule, joto halipandi mara mbili, linapanda mara nne. Kwa hiyo waya ambao kwa redio na taa hauna shida yoyote unaweza kuchemka ndani ya ukuta wa mbao bila mtu kuona, siku ile wageni wamekuja na plake zote zinawaka. Tunajua jinsi nyumba za Kadutu zinavyoungua, parseli moja ikiwaka zinafuata kumi. Kila mara tunasikia neno lilelile, "court-circuit", kana kwamba ni jina la shetani aliyepita usiku. Mara nyingi si shetani. Ni waya mwembamba uliobeba mzigo usio wake, na disjonkteri ambayo fundi aliibadilisha kwa kubwa zaidi kwa sababu ile ndogo "ilikuwa inasumbua".

Hapo niseme wazi: disjonkteri inayokatika mara kwa mara inafanya kazi yake. Ukiweka ya ampere 32 kwenye waya wa 1.5, umemfukuza mlinzi ukamwachia mwizi ufunguo. Meza ya plake nne inataka njia yake peke yake kutoka kwenye kofre mpaka jikoni, waya wa milimita za mraba 6, disjonkteri ya ampere 32, na hakuna kitu kingine kwenye njia hiyo, wala friji wala taa ya nje. Resho ya plake mbili inaweza kuishi kwenye prizi nzuri yenye waya wa 2.5 na disjonkteri ya 16 au 20, mradi usiipitishe kwenye multiprizi. Na waya uwe wa shaba kweli. Sokoni kuna waya wa alminyumu uliopakwa rangi ya shaba kwa juu. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha.

Lakini waya mwembamba unachoma nyumba, na mara nyingi watu wanapata nafasi ya kukimbia. Tere mbaya inaua mtu mmoja kimya kimya, na hapo ndipo nataka kukaa zaidi.

Resho ni kipande cha chuma. Ndani yake kuna waya unaopata moto, umefungwa ndani ya kitu kinachozuia umeme usitoke. Siku maji ya maharagi yanapofurika na kuingia chini ya plake, au kile kizuizi kinapopasuka kwa uzee, umeme unafika kwenye mwili wa chuma. Resho inaendelea kupika kama kawaida. Hakuna taa nyekundu, hakuna kelele. Mtu akigusa ule mwili wa chuma na miguu yake iko chini, yeye ndiye anakuwa njia ya umeme kurudi ardhini. Ampere 11 za resho hazina haja ya kupita ndani yake zote. Sehemu ndogo sana ya ampere moja, miliampere 10 hivi, inatosha kukaza misuli ya mkono mpaka ushindwe kuachia. Zikizidi 30 na kuendelea kupita, moyo uko hatarini.

Kwa zile resho za waya wa kuviringa juu ya tofali, ambazo mafundi wetu wanatengeneza wenyewe, hata maelezo hayo hayahitajiki. Waya uko wazi, uko na umeme, na sufuria ya alminyumu inakaa juu yake moja kwa moja. Mama akikoroga fufu na kijiko cha chuma anafanya bahati nasibu mara mbili kwa siku. Najua ni za bei rahisi. Najua pia hakuna tere itakayoponya kitu ambacho kimetengenezwa hivyo. Hizo ziachwe, basi.

Sasa waya wa kijani na njano. Kazi yake ni kuunganisha ule mwili wa chuma na ardhi, ili umeme uliopotea upate njia nyingine isiyo mwili wa mtu. Mafundi wengi wanajua hayo, walifundishwa shuleni. Tatizo ni kwamba wakifika kwenye nyumba wanakuta prizi ya matundu mawili bila tere, na kwenye kofre hakuna kitu, na nje hakuna chuma kilichochimbiwa. Mwenye nyumba anasema harakisha. Basi fundi anakata ule waya wa kijani na njano na kuukunja nyuma, au anafanya jambo baya zaidi: anauunganisha na nyutre ndani ya prizi. "Mama, ni sawasawa tu, nyutre na tere ni kitu kimoja."

Si kitu kimoja. Nyutre inabeba umeme unaorudi. Siku nyutre inakatika mahali fulani kati ya nguzo na nyumba, na katika mitaa yetu nyutre zinakatika kila upepo mkali, umeme wa faze unapita ndani ya resho, unafika kwenye nyutre, unakosa njia ya kurudi, na kwa kuwa fundi aliunganisha nyutre na mwili wa resho, mwili wote wa chuma unakuwa na volti 220. Resho haipiki, taa zimezimika, mama anafikiri ni delestaji, anaenda kuondoa sufuria. Au siku nyingine mtu anatengeneza waya kwenye nguzo na kubadilisha faze na nyutre bila kujua. Matokeo ni yaleyale. Fundi anayefanya hivyo angeacha resho bila tere kabisa angefanya madhara kidogo zaidi.

Wengine wanafunga tere kwenye bomba la maji. Hiyo ilikuwa desturi wakati wa mabomba ya chuma. Leo bomba lililoingia kwako ni la plastiki, na plastiki haipeleki umeme popote. Umeunganisha resho yako na robine ya chuma jikoni, yaani sasa kuna vitu viwili vya kugusa badala ya kimoja.

Tufike kwenye jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitufundishi vizuri, kwa sababu waandishi wake hawakai Goma. Kitabu kinasema: chimbia chuma cha shaba mita moja na nusu au mbili ardhini. Ardhi gani? Sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya lava. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na chini yake kuna lava ya zamani zaidi. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembeni ya mji, upande wa Buhene. Kila mtu aliyejenga hapa anajua bei ya kuchimba shimo la choo, na ndiyo sababu vyoo vingi vimejengwa juu kwa ngazi. Ukipiga chuma cha tere kwa nyundo juu ya jiwe hilo kinapinda baada ya sentimita ishirini. Fundi anakikata, anaacha kipande kionekane nje ili mteja afurahi, na anapokea pesa yake. Hata kama kingeingia, jiwe kavu la volkano linapitisha umeme vibaya sana kuliko udongo mwekundu wa Bukavu. Maji ya mvua yanapita kati ya mawe na kupotea chini, hayabaki kulowesha.

Je, tere haiwezekani Goma? Inawezekana, lakini si kwa chuma kimoja. Mahali pazuri ni msingi wa nyumba: waya wa shaba uliovuliwa, mnene, wa milimita za mraba 25, unalazwa chini kabisa ya fondasyo kuzunguka nyumba nzima kabla ya kumwaga beto. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, chimba mfereji mahali penye majivu au udongo, lala waya mrefu ndani yake, uzungushie udongo wa mfinyanzi ulioletwa kwa gari, na upapande ndizi au mboga ili pamwagiliwe. Wazee wa kazi wanaongeza makala na chumvi. Makala ni sawa. Chumvi inasaidia kwa muda, kisha mvua inaipeleka na inakula shaba. Na parseli yenye nyumba tano za kupangisha inaweza kuwa na tere moja nzuri ya pamoja badala ya tano za uongo. Hapo gharama inagawanyika.

Hata hivyo, na hili ndilo watu wengi wenye diploma hawalisemi, tere peke yake haitoshi. Fanya hesabu. Tuseme tere yako ina kizuizi cha omu 100, ambayo kwa Goma ni ya kujivunia. Umeme ukivuja kwenye mwili wa resho, volti 220 kugawa kwa omu 100 ni ampere 2.2. Disjonkteri yako ni ya ampere 32. Itaona nini? Haitaona kitu. Kwake ampere 2.2 ni kama mtu amewasha pasi ndogo. Resho itabaki na umeme kwenye mwili wake, saa nzima, siku nzima, na tere yako ipo.

Kinachokata ni diferansieli ya miliampere 30. Hiyo inapima umeme unaokwenda na umeme unaorudi; zikipishana kwa miliampere 30 inakata kwa haraka kuliko kufumba jicho. Na uzuri wake kwetu ni huu: hata tere mbovu ya omu 1,000, ambayo mkaguzi wa Ulaya angeikataa, inapitisha miliampere 220 umeme ukivuja. Ni zaidi ya mara saba ya kile diferansieli inachohitaji. Maana yake kwa mji uliojengwa juu ya jiwe, diferansieli si kitu cha matajiri, ndicho kitu cha kwanza. Kama pesa yako inatosha jambo moja tu mwezi huu, nunua hiyo, ile inayoandikwa 30 mA, iwekwe kwenye kofre mbele ya njia ya jikoni. Hata bila tere kabisa itakata, ingawa katika hali hiyo itangoja mpaka mtu aguse. Ikiwa na tere, hata mbovu, itakata kabla ya mtu yeyote kugusa. Uliza bei yake kenkayeri, kisha uilinganishe na pesa ya makala uliyokuwa unatoa.

Mafundi wanaiogopa kwa sababu inakatika. Wanaifunga leo, kesho mteja anapiga simu, kuraa imekatika tena, na fundi anaipitishia waya pembeni ili ikae pale kama picha. Lakini inakatika kwa sababu kuna kitu kinavuja, au kwa sababu mtu aliunganisha nyutre na tere mahali fulani ndani ya nyumba. Chomoa vyombo vyote, uvirudishe kimoja kimoja. Kile kinachokata ndicho kitu kibovu. Kama inakata hata bila chombo, kosa liko ndani ya ukuta, na ni kazi ya fundi kulitafuta. Na ile batoni ndogo iliyoandikwa T, ibonyeze kila mwezi. Isipokata, haikulindi.

Sasa swali la kichwa cha makala haya. Nani anapima? Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua biashara ya umeme katika inchi yetu. SNEL haiko peke yake tena, na ikawekwa mamlaka ya kusimamia sekta hiyo. Vizuri. Lakini katika maisha ya kila siku, kazi ya muuzaji wa umeme inaishia kwenye kompteri. Baada ya hapo ni wewe, fundi wako na Mungu. Kompteri ya kulipia mbele inajua mpaka kilowati-saa ya mwisho uliyotumia, lakini hakuna aliyewahi kuingia jikoni kuuliza kama kuna tere. Ufaransa, ambako tumechukua karibu maneno yote ya kazi hii, tangu miaka ya 1970 nyumba mpya haipewi umeme bila karatasi ya ukaguzi. Sisi tulichukua prizi na disjonkteri, karatasi tukaiacha.

Sisemi serikali ilete ukaguzi kama wa Paris katika nyumba za mbao za Majengo kesho asubuhi. Tunajua kingefuata: karatasi ingeuzwa barabarani, na mkaguzi angekuwa mtu mwingine wa kulipwa "maji ya kunywa". Ninachotaka ni kidogo. Yeyote anayeuza umeme na anayewahimiza wateja wapikie umeme, aweke diferansieli ya miliampere 30 pamoja na kompteri, na alipwe polepole kwa kila ununuzi wa yuniti, jinsi watu wanavyolipia simu. Anajua kufanya hivyo. Mashine yake tayari inahesabu. Hapo hakuna mkaguzi wa kuhonga.

Wenye nyumba nao wasijifiche. Mpangaji analipa garanti ya miezi mitatu, mara nyingine sita, na anaambiwa "resho ni juu yako". Resho ni juu yake, ndiyo. Waya ulio ndani ya ukuta na tere iliyo chini ya ardhi si mali ya mpangaji, hawezi kuhama navyo. Mtu anayekodisha nyumba yenye jiko la umeme bila njia ya waya wa 6 na bila diferansieli anapaswa kuandika hivyo kwenye mkataba, tuone ni nani atatia sahihi.

Na kuna watu wengine ambao hawahitaji amri ya mtu. Shule za ufundi wa umeme za Goma na Bukavu zina wanafunzi wanaotafuta kazi ya staji kila mwaka, na kifaa cha kupima tere ni mashine moja inayobebwa mkononi. Wanafunzi wawili na mwalimu mmoja wanaweza kupima parseli nyingi kwa wiki moja, na kumwambia mkubwa wa avenue namba waliyoipata. Leo hii, ukiuliza tere ya Himbi, ya Katindo au ya Ndosho ina omu ngapi, fundi atakuambia "ni nzuri". Nzuri ngapi? Namba ndiyo nataka, iandikwe kwa kalamu kwenye mlango wa kofre, pamoja na tarehe iliyopimwa na jina la aliyepima.